Usifute Posti Yako kwa Woga



Wacha nianze na kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuposti picha ya kisima hapa Myanga, kilichochimbwa kwa pesa za umma na hakitoi hata tone la maji. Niliuliza swali moja tu: pesa zilienda wapi? Jioni hiyo mtu fulani mwenye cheo akanipigia simu. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Kijana, wewe una mama. Chunga hiyo mitandao." Mama alikuwa ameketi karibu, akasikia. "Mwanangu, futa hiyo kitu." Nikafuta.

Hakuna jaji aliyeniamuru, na hakuna sheria niliyovunja. Na kisima bado ni kikavu.

Hivi ndivyo watu hunyamazishwa. Serikali haihitaji kuzima intaneti. Inatosha wewe uogope.

Na woga wetu una sababu. Tarehe 7 Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwenye X kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Akasafirishwa hadi kituo cha Central, Nairobi. Kesho yake alikuwa maiti. Polisi wakasema alijigonga ukutani. Wapasuaji wa maiti wakasema la: majeraha ya kichwa, na shingo iliyobanwa. Siku chache kabla ya hapo, Rose Njeri alilala seli kwa kutengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma maoni ya kupinga Mswada wa Fedha. Mahakama iliitupa kesi yake mwezi huo huo wa Juni, lakini usiku wa seli nani atamrudishia?

Halafu tarehe 15 Oktoba 2025 Rais akatia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mtandao. Kuna kipengele cha unyanyasaji mtandaoni chenye faini ya hadi shilingi milioni 20 au jela miaka 10. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikakisimamisha kwa muda. Lakini soma na kile kingine: kamati ya serikali inaweza kuagiza tovuti ifungwe kwa kueneza picha chafu za watoto, ugaidi, au itikadi kali za dini.

Hapo sisi vijana wa Kiislamu tusome mara mbili. Tunajua neno "ugaidi" linavyoweza kunyooshwa mpaka limfikie mtu asiye na hatia.

Utaniuliza, kwani wanaoharibu watoto waachwe? Hapana, wafungwe. Hata Katiba, Kifungu cha 33, hailindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Shida yangu ni hii: nani anaamua? Mahakamani utasomewa shtaka, ushahidi utaletwa, utajibu, na usiporidhika utakata rufaa. Kwenye chumba cha kamati, wewe hata kiti huna.

Na mahakama tusizidharau. Geoffrey Andare alishtakiwa kwa posti ya Facebook. Badala ya kunyamaza, akapinga sheria yenyewe, na Aprili 2016 Mahakama Kuu ikakifuta Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Kijana mmoja alikataa, tukafaidika wote.

Basi tufanye hivi. Kabla hujaposti, hakikisha. Dini yetu inatukataza kubeba habari bila kuichunguza, na uongo wako ndio silaha yao. Uliza kuhusu kazi na pesa za umma, wacha matusi ya mke na watoto wa mtu. Weka nakala ya ushahidi kwa mtu mwingine unayemwamini. Na ukikamatwa, kumbuka Kifungu cha 49: uambiwe sababu, una haki ya kunyamaza, ya kuongea na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Ukimuona mwenzako amechukuliwa, usiseme "alijitakia". Fuata gari, ujue kituo, piga simu kwao.

Ile picha ya kisima bado iko kwa simu yangu. Nimeongea na mama, tumeelewana. Ijumaa baada ya swala nitaiposti tena, na swali ni lile lile.

Wewe ulifuta gani?