Waliokosa Nafasi Muhimbili Wapitie Wapi?

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu yanapotangazwa, wapo vijana wenye vyeti vizuri ambao majina yao hayaonekani katika chuo walichokitaka. Katika kata ya Kasulo, wilayani Ngara, habari hiyo huwa nzito. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilometa 1,200, na mzazi aliyeuza ndizi na maharage ili mwanawe asome sayansi hadi kidato cha sita huwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba mtoto anakwenda Muhimbili kusomea udaktari. Mtoto akikosa, aibu huwa ya nyumba nzima. Wengine hukaa mwaka mzima wakisubiri kuomba upya, mahali palepale, kwa vyeti vilevile.

Jambo hili lataka kutazamwa kwanza kwa hesabu. Ili kusomea shahada ya udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu hudai ufaulu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, usiopungua D kwa kila somo. D huhesabiwa pointi 2 na A pointi 5. Hivyo kiwango cha chini ni pointi 6, na cha juu kabisa ni 15. Pointi 6 humpa kijana haki ya kuomba, basi. Nafasi zikiwa chache, chuo huwapanga waombaji kwa ufaulu wao na kukata pale nafasi zinapokwisha. Mwenye pointi 9 aweza kuachwa na chuo kimoja na kupokewa na kingine mwaka huohuo, wala akili yake haijabadilika.

Kwa hiyo yafaa kuuliza: je, kijana huyu hakufikia kiwango, au alikifikia akazidiwa? Aliyezidiwa hana sababu ya kukaa nyumbani. Aombe katika awamu zinazofuata, na avitazame vyuo vingine, kikiwamo kile cha Bugando kilichoko Mwanza, ambacho kwa mtu wa Kasulo ni karibu zaidi kuliko Muhimbili. Asiyefikia kiwango ana njia nyingine, nayo hudharauliwa bila haki.

Njia hiyo ni stashahada ya utabibu, ambayo huchukua miaka mitatu. Watu husema kwamba tabibu ni daktari aliyeshindwa. Historia ya tiba nchini haikubaliani nao. Mwaka 1963 Tanganyika ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi, yaani matabibu waliokwisha kufanya kazi ambao walirudishwa darasani kuongezewa ujuzi, upasuaji ukiwa ndani yake. Mwaka 2006 watafiti walichunguza upasuaji wa dharura wa wajawazito katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji huo ilifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba hali ya akina mama na watoto waliohudumiwa nao haikutofautiana kwa kiasi cha maana na ya wale waliohudumiwa na madaktari wenye shahada. Ni vigumu kuwaita watu hao walioshindwa.

Aidha, stashahada haifungi mlango wa shahada. Tabibu mwenye wastani wa B, au GPA ya 3.0, aweza kuomba kusomea udaktari, mradi ufaulu wake wa kidato cha nne katika masomo yanayotakiwa uwe umetimia. Njia hii ni ndefu na ina gharama, na ushindani upo hata huko. Tena ina uchungu wake: stashahada hiyo huwapokea waliomaliza kidato cha nne, hivyo wa kidato cha sita hukaa dawati moja na waliokuwa nyuma yake. Kiburi hiki ndicho kinachowazuia wengi, kuliko hata karo. Yafaa wakumbushwe kwamba baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 waliomaliza kidato cha sita walitakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kufikiriwa kuingia Chuo Kikuu, na nchi iliwapata wataalamu wake hivyohivyo.

Hali ya uhandisi haiko mbali na hiyo. Mitambo ya umeme ya Rusumo, jirani na Kasulo, yenye uwezo wa megawati 80, huhitaji mafundi sanifu kama inavyohitaji wahandisi.

Walimu wa sekondari hawana budi kuyajua haya mapema. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu na ule wa Baraza la Elimu ya Ufundi, unaoonyesha vyuo vya stashahada vilivyosajiliwa, yapasa iwe katika chumba cha walimu, ili kijana asije akalipa karo kwa chuo kisichotambuliwa. Na mazungumzo juu ya chaguo la pili na la tatu yafanyike kidato cha tano, mzazi akiwapo, kabla hajawaambia majirani.