Mmisionari Asiachwe Peke Yake



Padre au mtawa anapotumwa kufanya utume ng'ambo, tunamuaga kwa Misa, vigelegele na zawadi. Baada ya hapo tunasema neema ya Mungu itamtosha. Ni kweli, inatosha. Lakini Mungu amezoea kutupatia neema yake kwa mikono ya watu. Kwa maoni yangu, udugu kati ya wamisionari walio ugenini si burudani ya baada ya kazi. Ni sehemu ya utume wenyewe.

Bwana aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili (Lk 10:1). Mtume Paulo alipokuwa akipelekwa Roma kama mfungwa, ndugu wa mji ule walitoka kwenda kumlaki njiani, na alipowaona alimshukuru Mungu na kupata nguvu mpya (Mdo 28:15). Huyo ndiye Paulo aliyepigwa mawe na kuvunjikiwa meli. Ikiwa yeye alihitaji kuona nyuso za ndugu, je, sisi?

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, msimamizi wa misioni, aliondoka Lisbon mwaka 1541, akapita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Barua za wenzake zilimfikia kwa nadra, baada ya safari ndefu za baharini. Alikata sahihi zao kutoka katika barua hizo, akawa anazibeba kifuani popote alipokwenda. Vikaratasi vile vilikuwa jumuiya yake.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, hakutaka jambo hili liachwe kwa bahati. Aliweka kanuni kwamba katika kila kituo wasikae chini ya watatu. Msafara wao wa kwanza ulipita Bagamoyo mwaka 1878 kwenda bara, na homa iliwaua wengi wa kizazi kile. Hata hivyo, kanuni ya watatu haikufutwa kwa kisingizio cha upungufu wa watu.

Leo njia imegeuka. Mapadre wetu wanatumwa Ujerumani, Italia na Marekani. Wapo wanaoishi peke yao katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mapadre kadhaa, wakihudumia makanisa mengi. Wakati wa baridi, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Simu ikilia kutoka nyumbani, ni karo, ni bati za kigango, ni pikipiki ya katekista. Nani anapiga kuuliza tu, "Padre, umekula? Umelala vizuri?"

Wapo watakaosema kwamba udugu wa namna hii huwafanya wamisionari wajifungie: wapike ugali, waongee Kiswahili, wasijifunze lugha ya wenyeji. Hatari hiyo ipo. Ndiyo maana ni vizuri jumuiya ya wamisionari ichanganye watu wa mataifa mbalimbali, na mlango wake uwe wazi kwa mapadre na waamini wa pale. Udugu wa kweli humpumzisha mtu jioni ili asubuhi arudi kwa watu akiwa na moyo.

Basi tufanye nini? Majimbo yetu, yanapokubaliana na majimbo ya nje, yaulize mapema: padre wetu ataishi na nani? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu huduma na maisha ya mapadre, unahimiza mapadre waishi pamoja, au angalau wakutane mara kwa mara. Ndugu waamini, Jumuiya Ndogo Ndogo zenu zimwombee mmisionari kwa jina, kisha mmoja ampigie simu bila kuomba chochote.

Nasi waseminari tuanze sasa. Anayekula kwenye bwalo macho yakiwa kwenye simu, asiyejua kwamba jirani yake ana homa siku ya tatu, hatajifunza udugu ndani ya ndege. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukizoea hapa kubisha mlango wa mwenzetu, huko tutakakotumwa tutajua pia kubisha, na kufungua tunapobishiwa.