Anayekuambia "kaa tu" hatajaza fomu yako

Kila kijana aliye na jamaa majuu anaujua ushauri huu. Umepata viza ya matembezi, umefika, miezi sita inakaribia kwisha, na mtu fulani, mara nyingi binamu au rafiki wa kanisani, anakuambia: "Wewe kaa tu. Huku hakuna anayekufuata." Na kusema kweli, hajakudanganya. Mara nyingi hakuna anayekufuata. Polisi hawabishi mlango asubuhi ya siku ya kwanza baada ya tarehe kupita. Shida ya ushauri huo ni kwamba unaongelea leo peke yake.

Tuchukue Marekani, maana ndiko wengi wetu tunakoota kwenda. Kuna wanaokosea hata bila nia mbaya. Mtu anasoma viza kwenye pasipoti, anaona itakwisha baada ya miaka kadhaa, anadhani ana ruhusa ya kuishi huko mpaka siku hiyo. La hasha. Tarehe ya viza ni mwisho wa kubisha hodi tu. Siku za kukaa ndani zinaamuliwa na afisa wa uhamiaji unapotua, na zinaandikwa kwenye rekodi inayoitwa I-94, ambayo unaweza kuiangalia mwenyewe mtandaoni. Mgeni wa matembezi kwa kawaida hupewa miezi sita. Ukiipitisha hata kwa siku moja, viza ile imekufa, hata kama ilikuwa imebakisha miaka minne. Utaomba nyingine, na kwa kawaida utaiombea nyumbani, kwenye foleni ileile ya Gigiri, kwa ada ya dola 185 ambayo hairudishwi ukinyimwa.

Na hapo bado ni nafuu. Sheria ya mwaka 1996 inasema ukikaa bila kibali zaidi ya siku 180 kisha ukatoka, umefungiwa nje miaka 3. Ukifikisha mwaka mmoja au zaidi, ni miaka 10. Sasa sikiza mtego wenyewe: hiyo miaka haianzi kuhesabiwa siku kibali kilipokwisha. Inaanza siku unapoondoka. Kwa hivyo aliyepitisha mwaka anaogopa kutoka, na kadiri anavyoogopa ndivyo anavyozidi kukwama. Ukitaka kujua hilo lina uzito gani, hudhuria mazishi yoyote siku hizi. Utaona simu imesimamishwa kwenye kigingi karibu na jeneza, inarusha picha moja kwa moja. Si wote wanaotazama upande ule wa pili waliokosa nauli. Kuna mwenye nauli mfukoni ambaye hawezi kuja kumzika mama yake, kwa sababu akija hatarudi kwa watoto wake. Binamu wa "kaa tu" huwa hafiki kwenye sehemu hii ya hadithi.

Kuna ushauri wa pili, nao ni mbaya kuliko wa kwanza. Huu hutolewa na ajenti: "Chukua pasipoti mpya, ukiulizwa sema hujawahi kupitisha muda." Jamani, pasipoti ni mpya lakini vidole ni vilevile. Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zina mipango ya kupashana habari za uhamiaji, zikiwemo alama za vidole. Huko Ulaya, nchi za Schengen zilianza tarehe 12 Oktoba 2025 kuchukua sura na vidole vya wageni badala ya kugonga muhuri, na mtambo ndio unaohesabu zile siku 90 ndani ya kila siku 180. Siku za kumlilia afisa kwamba muhuri haukuonekana vizuri zinakwisha.

Fomu ya viza ya Marekani inauliza waziwazi kama umewahi kukaa kupita muda uliopewa. Ukijibu ndiyo, unaweza kunyimwa, lakini pia unaweza kujieleza: ulilazwa hospitalini, ulikuwa mwanafunzi, ilikuwa zamani. Ukijibu hapana na rekodi ikasema vingine, mjadala umebadilika. Si suala la siku tena, ni la uongo. Kanada humfungia mwongo miaka 5, Uingereza 10, na Marekani inaweza kumfungia maisha. Nimeona watu wakitetea uongo huo kana kwamba ni ujanja wa mtaani tu. Ujanja gani huu unaogeuza kosa la miezi minane kuwa la maisha?

Sitamcheka aliyebaki. Kazi hapa ni haba, familia ilichanga nauli, na kibarua cha kutunza wazee kule kinalisha ukoo mzima huku. Ila deni lenyewe halimwangukii yeye tu. Agosti 2025 Marekani ilianza kudai dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kutoka kwa waombaji wa viza ya matembezi wa Malawi na Zambia, na Oktoba ikaongeza jirani zetu wa Tanzania. Hoja kubwa iliyotolewa ni idadi ya wanaopitisha muda. Kwangu mimi huo ni uonevu: msichana wa Arusha anayekwenda kwenye mahafali ya dadake anawekeshwa dhamana kwa kosa la mtu asiyemjua. Lakini uonevu au la, dhamana ndiyo hiyo, na jina la anayefuata kuomba laweza kuwa la mdogo wako.

Aliye huko sasa hivi na muda haujaisha, aangalie I-94 yake leo, asingoje wiki ya mwisho. Kama kuna sababu ya kweli ya kubaki, fomu ya kuomba nyongeza ni I-539, na lazima ipelekwe kabla ya tarehe kufika. Ambaye tarehe imeshampita aonane na wakili wa uhamiaji mwenye leseni kabla ya kukata tiketi, maana ikiwa bado hajafikisha siku ya 180, kila wiki anayochelewa kuamua ina bei yake.