Muulize kwa Kalenda Yake

Juzi mjini Isiolo nilimwona kijana, fomu mkononi, akimfokea nyanyake: "Akko, ulizaliwa mwaka gani?" Ajuza kimya.

Wazee wengi wa Kiborana huhesabu kwa matukio. Nikajiingiza (udaku wangu mnaujua): "Akko, Gaafa Daba ulikuwa ukichunga nini?"

Ndiyo miaka ya vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, wafugaji walipofungiwa kambini, kama ile ya Garba Tulla.

"Ndama," akajibu papo hapo. "Ng'ombe walikuwa wa kaka zangu. Wote wakafa."

Umri tukaukisia kwa ndama. Lakini kijana alikuwa ameiweka fomu chini.

"Akko, kumbe tulikuwa na ng'ombe?"

"Hukuniuliza."