Chai yetu tusiuziwe: tuipike wenyewe, hata bila maziwa ya ng'ombe

Ndugu wasomaji, mlio nyumbani na sisi tulio ughaibuni, leo tunaomba kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Tunataka kuzungumzia chai. Msiharakishe kucheka, kwani ndani ya kikombe hicho mna fedha zetu, afya za wazee wetu na ladha ambayo watoto wetu wanaanza kuifundishwa na watu wengine.

Yeyote anayeishi London, Toronto au Minneapolis ameliona jina hili katika mbao za bei za mikahawa: "chai latte". Kwetu sisi jina hilo halina geni lolote. Chai ni chai, na latte ni neno la Kitaliano lenye maana ya maziwa. Kwa hiyo inayouzwa pale ni chai ya maziwa, yenye iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi, ambayo watu wa mwambao na jirani zetu wa Kihindi wameinywa miaka na miaka. Jamaa zetu wa Oman na nchi nyingine za Ghuba wanayo ya kwao, wanaiita karak. Kilichobadilika ni bei. Katika mikahawa mingi ya London kikombe kimoja ni karibu pauni 4, na kwingine ni zaidi. Na aliyetaka isiyo na maziwa ya ng'ombe alitozwa nyongeza kwa miaka mingi. Starbucks waliiondoa nyongeza hiyo Uingereza mwaka 2022 na Marekani mwaka 2024, lakini wapo wengine wanaoendelea kuitoza.

Hoja yetu ni moja. Chai hii ni yetu, viungo vyake tunavijua, na hata njia ya kuipika bila maziwa ya ng'ombe imo ndani ya majiko yetu wenyewe. Hakuna sababu ya mtu anayebeba maboksi saa kumi kwa siku kwenda kuinunua kwa bei ya kuruka, tena ikiwa imepikwa vibaya.

Tuanze na maziwa yenyewe. Wako wengi miongoni mwetu ambao maziwa ya ng'ombe hayawapatani. Wakinywa chai ya maziwa tumbo hujaa, hunguruma, na mara nyingine humkimbiza mtu chooni. Wazee wetu wengi hulificha jambo hili kwa aibu, kwa sababu mgeni akikaribishwa chai ya maziwa ni heshima, na kuikataa ni kama kumvunjia mwenye nyumba adabu. Ukweli ni kwamba si ugonjwa wa ajabu. Sehemu kubwa ya watu wazima duniani hupoteza, baada ya utoto, uwezo wa kusaga sukari iliyomo ndani ya maziwa. Wenye kuendelea nao ni zaidi watu wa Ulaya ya Kaskazini na jamii za wafugaji. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya kazi yao Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki waliupata uwezo huo kwa njia yao wenyewe, mbali na ile ya Wazungu. Kwa hiyo Mmasai anaweza kunywa kibuyu kizima akalala vizuri, na mtu wa pwani, ambaye babu zake waliishi kwa samaki na nazi, akateseka kwa kikombe kimoja.

Hapa tutahadharishe jambo. Tumbo kukataa maziwa si sawa na mzio wa maziwa. Mwenye mzio anaweza kudhurika vibaya hata kwa tone, na huyo lazima asikilize daktari wake na asome kila lebo. Katika mikahawa mingi "chai latte" hutengenezwa kwa sharubati ya chupa au kwa unga, na baadhi ya unga huo tayari una maziwa makavu ndani yake. Mtu akiomba maziwa ya oti, akaongezewa juu ya unga wenye maziwa ya ng'ombe, amepata nini? Sharubati nazo huja na sukari ambayo huwezi kuipunguza. Kwa wazee wetu wenye kisukari, na tunajua ni wengi, hilo si jambo la mzaha.

Wapo watakaosema: chai bila maziwa ya ng'ombe ni mkandaa, na mkandaa tunaujua. Wengine watasema nazi ni ya wali na mchuzi, haina kazi kwenye chai. Tunawauliza waungwana hawa: vitumbua vyetu vya asubuhi tunavipika kwa nini? Mbaazi tunazozila na mandazi je? Futari ya muhogo na ndizi je? Tui limekuwepo mezani petu kila asubuhi na kila magharibi ya Ramadhani. Kuliingiza kwenye kikombe si kumuiga Mzungu. Ni kulisogeza sentimita chache kutoka kwenye sahani.

Sasa tuje kwenye sufuria. Kwa vikombe viwili vikubwa, chukua maji vikombe viwili, iliki sita zilizopondwa pamoja na maganda yake, karafuu tatu, kijiti kimoja cha mdalasini, punje nne za pilipili manga, na tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, iliyotwangwa. Chemsha kwa moto mdogo kwa dakika kumi, mpaka maji yapungue na nyumba inukie. Usiruke hatua hii. Viungo vinahitaji muda kutoa ladha, na tangawizi mbichi ina kitu kinachokata maziwa ya ng'ombe. Kwa kuwa nyumba nyingi zina wanywaji wa aina zote mbili, ni vyema izoee kuchemka kwanza kwenye maji, nguvu hiyo ikaisha.

Kisha tia majani ya chai vijiko viwili vidogo. Majani yale madogo ya vipunje yanayotoka Kenya ndiyo yanayofaa zaidi, kwa sababu yanatoa rangi na ukali unaoweza kusimama mbele ya tui. Yaache dakika tatu tu, halafu chuja. Ukiyachemsha sana chai inakuwa chungu na chachu, na uchachu huo ndio unaokata maziwa ya mimea.

Maziwa yapashwe moto peke yake, kikombe kimoja, mpaka yawe ya moto bila kuchemka, ndipo yaunganishwe na chai. Anayetumia nazi ya kukuna, achukue tui la pili, lile jepesi, na aongeze kijiko kimoja tu cha kasimile. Anayetumia kopo, achanganye nusu tui na nusu maji, na akoroge muda wote ili lisikatike, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Tui lina mafuta mengi, kwa hiyo mwenye kuambiwa na daktari apunguze mafuta asilifanye kinywaji cha kila siku.

Huyo anaweza kutumia korosho. Roweka nusu kikombe cha korosho zisizokaangwa wala kutiwa chumvi usiku kucha, mwaga maji yake, kisha saga kwa mashine na maji safi vikombe viwili na nusu. Unapata maziwa mazito, meupe, yasiyo na ladha kali. Yakipata moto huwa mazito zaidi, hivyo yaongeze maji ukiona hivyo. Kwa walioko Ulaya maziwa ya oti nayo yanafaa, nayo ni matunda ya kazi ya wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, katika miaka ya 1990. Nunua yale yaliyoandikwa kwamba ni ya mabarista, kwani hayo hayakatiki kirahisi kwenye kinywaji cha moto. Maziwa ya lozi ni mepesi na hukatika upesi. Na yoyote mtakayonunua, tazameni kama yameongezwa kalsiamu na kama hayakutiwa sukari, khasa kama yanatumika nyumbani kila siku.

Wanaotaka mapovu kama ya mkahawani wasinunue mashine. Tia maziwa yakiwa vuguvugu kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, isizidi nusu, tikisa kwa nguvu, kisha yapashe moto taratibu. Au mimina chai yako kutoka jagi moja hadi jingine, kwa juu, mara tano au sita. Sukari kila mtu ajitilie mwenyewe.

Gharama ya yote haya, waungwana, ni ndogo sana ukilinganisha na kikombe cha mkahawani. Pakiti moja ya iliki na karafuu hukaa miezi. Mwenye kununua kikombe kimoja cha pauni 4 kila siku ya kazi, siku tano kwa wiki, anatumia pauni 20 kwa wiki, yaani zaidi ya pauni 80 kwa mwezi. Wangapi kati yetu tuna mama au mdogo wetu nyumbani ambaye kwa fedha hizo angelipa ada ya skuli au dawa?

Lakini fedha si mwisho wa hadithi. Mnada wa chai wa London ulioanza mwaka 1679 ulifungwa mwaka 1998, na leo mnada wa Mombasa ni miongoni mwa mikubwa duniani. Karafuu ya Unguja na Pemba iliwahi kuongoza soko la dunia. Kwa miongo mingi mkulima wake ameruhusiwa kumuuzia mnunuzi mmoja tu, nalo ni shirika la serikali, na ilipofika mwaka 2011 ndipo bei yake ikapandishwa kwa kiasi cha kuonekana. Aliyepanda juu ya mkarafuu, akahatarisha mgongo wake, alipewa kile alichopangiwa. Faida kubwa ilibaki, na bado inabaki, kwa anayechanganya, anayefunga kwenye chupa na anayebandika jina. Jina lenyewe ni neno letu!

Sisi tulioondoka nyumbani kwa sababu ya kalamu zetu hatukupata muda wa kufunga mizigo mingi. Tulikuja na lugha na tulikuja na ladha. Lugha tunaiona inavyowaponyoka watoto wetu. Wapo wanaosema "chai tea", yaani chai chai, kwa kuwa neno hilo wamelisikia kwa muuza duka kabla ya kulisikia kwa bibi. Ladha bado tunaweza kuiokoa, na haihitaji kibali cha mtu.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, katika hitima, arusi na mikutano yetu yote ya jumuiya, liwekwe birika la pili la chai ya viungo isiyo na maziwa ya ng'ombe, ili mzee asilazimike kuchagua kati ya adabu na tumbo lake. Pili, tununue viungo vizima badala ya unga na sharubati, na tumuulize muuza duka vimetoka wapi. Akiulizwa na wengi ataanza kuvitafuta vya kwetu. Tatu, watoto washikishwe kinu. Mtoto aliyeponda iliki kwa mkono wake hataambiwa na mtu yeyote kwamba chai ilizaliwa kwenye kikombe cha karatasi.

Na nyinyi mlioko nyumbani, wenye nafasi ya kuamua kuhusu viwanda na bei za wakulima, swali letu kwenu ni fupi: mpaka lini tutauza karafuu kwa gunia na kuinunua kwa kijiko? Chanda chema huvikwa pete. Mkulima wa Pemba naye avikwe yake.