Donda la Mguu Lisilofunga, na Muuguzi wa Nyumbani



Miongoni mwa maswali yanayotufikia baada ya darsa za akina mama, lipo moja ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, na muulizaji husema kwamba anamuulizia jirani. Ni habari ya mama mtu mzima, au nyanya, mwenye kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Kilianza kwa mkwaruzo mdogo, na sasa kina mwaka, pengine miwili. Kinatoa maji, kinanuka, shuka zinafuliwa kila siku. Mwenyewe ameacha kwenda harusini na hata matangani kwa kuona haya. Nyumbani wamekwisha kusema kuwa ni jicho, na wapo waliosema ni zaidi ya jicho. Kisomo kimesomwa, na kidonda kipo palepale.

Juu ya kisomo hatuna neno. Dua ni silaha ya Muislamu na hatumwambii mtu aiweke chini. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuhimiza pia kujitibu, na anayejitibu hana budi kujua anatibu nini. Wazee wetu waliviita vidonda vya namna hii donda ndugu, na chini ya jina hilo yamekusanyika maradhi yasiyofanana. Wiki hii tutayatenganisha mawili, kwa sababu tiba ya moja ni madhara kwa jingine.

Damu hushuka miguuni kwa nguvu ya moyo kupitia mishipa iitwayo ateri, kisha hurudi kupitia mingine iitwayo vena. Taabu iko katika kurudi, kwani ni kupanda mlima. Vena zimejaaliwa vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu, na kila tunapopiga hatua, shavu la mguu hukaza na kuisukuma damu mbele. Vilango hivyo vikilegea, iwe kwa uzazi mwingi, kwa unene, kwa damu iliyowahi kuganda mguuni, kwa kusimama kutwa au kwa kurithi tu, damu hurudi chini na kutuama. Mguu huvimba jioni. Ngozi juu ya kifundo hugeuka rangi ya kahawia iliyokolea, huwasha, hukauka, hukaza kama ngozi ya ngoma. Ikifika hapo, kujikuna kwa ukucha kunatosha kufungua kidonda, na kufunga kwake ni shida, kwa sababu chini yake kuna damu iliyosimama.

Kidonda cha pili asili yake ni ateri. Njia ya kushukia damu imezibika kwa mafuta, na nyama ya mguu inakufa kwa njaa. Hiki hupenda vidole, kisigino na ubavu wa wayo. Kingo zake zimekatika kama zilizochongwa, ndani kumepauka au kumekuwa cheusi. Mguu ni baridi, vinyweleo vimepukutika, na maumivu huzidi usiku mpaka mgonjwa auning'inize mguu nje ya kitanda ndipo apate nafuu. Mara nyingi mwenye maradhi haya ni mvutaji wa sigara, au ana kisukari, au presha, au yote kwa pamoja.

Cha kwanza, dawa yake kubwa ni kubana. Bendeji hufungwa kuanzia mizizi ya vidole mpaka chini kidogo ya goti, ikikaza zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri inavyopanda, ili iifanye kazi ambayo vilango vimeshindwa. Kwenye kifundo nguvu inayokusudiwa kwa kawaida ni milimita 40 za zebaki, kwa kipimo kilekile cha presha. Tiba hii si ya jana. Mwishoni mwa karne ya 19 tabibu wa Hamburg, Paul Gerson Unna, aliitengeneza bendeji iliyopakwa uji wa zinki, na mpaka leo bendeji ya aina hiyo inaitwa kwa jina lake. Karne nyingi kabla yake, Abu al-Qasim Az-Zahrawi wa Qurtuba alikwisha kuandika katika At-Tasrif juu ya tiba ya mishipa ya miguu iliyovimba. Tunalitaja hili kwa wale wanaodhani kuwa kumpeleka mama kwa tabibu ni kuiga wageni.

Sasa bendeji hiyohiyo mfunge mwenye ateri zilizoziba. Damu chache iliyokuwa ikipenya inakatiwa njia, na mguu ambao ungeokoka huishia kukatwa. Ndiyo maana hatukubaliani na mtoto mwema anayenunua bendeji ya kubana dukani kwa sababu ilimfaa shangazi yake.

Atakayetofautisha ni aliyesomea, naye hatumii macho peke yake. Hupima presha mkononi, kisha huipima kwenye kifundo cha mguu kwa msaada wa kifaa kidogo kinachosikiza mwendo wa damu, halafu huigawa ya mguu kwa ya mkono. Mguu mzima huwa karibu na 1. Ikipungua chini ya 0.8, kubana kwa nguvu kunazuiliwa mpaka daktari aseme. Ikiwa chini ya 0.5, hapana la kungoja nyumbani. Huyo ni wa daktari wa mishipa, na haraka. Mwenye kisukari ana jambo la ziada: ateri zake zinaweza kuwa ngumu mno hata hesabu ikatoka kubwa na kudanganya, kwa hiyo apelekwe kwenye vipimo vingine. Mgonjwa anaweza kuwa na maradhi yote mawili katika mguu mmoja.

Akishapimwa na kuonekana kuwa kidonda ni cha vena, matibabu yaliyobaki yanaweza kufanywa kwake, chumbani mwake, na hapo ndipo tunapowashauri wanaojiweza kumwita muuguzi wa vidonda. Kumpandisha nyanya tuktuk, kisha matatu, kisha kumkalisha foleni nusu siku na mguu ukining'inia, ni kuuzidishia mguu uvimbe. Muuguzi huja mara moja au mbili kwa wiki. Hukisafisha kidonda, hukipima urefu na upana ili ijulikane kama kinapungua, huondoa nyama iliyokufa, hufunika, hufunga. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita mitaani, waliopewa mikoba ya vifaa na serikali mwaka 2023, wanaweza kumpima mama presha na sukari, nalo ni jambo la shukrani, lakini kufunga bendeji ya kubana ni fani nyingine. Muuguzi atakayeitwa aulizwe leseni yake ya Baraza la Wauguzi la Kenya, na aulizwe kama amefunzwa kubana na kama atampima mama kabla ya kumfunga. Akikasirika kwa kuulizwa, atafutwe mwingine.

Gharama ipo, hatuifichi. Lakini nyumba nyingi zimekwisha kulipa zaidi ya hiyo kidogokidogo bila kujua: marhamu hii, unga ule, vidonge vya kupunguza makali ya usaha vilivyonunuliwa bila cheti. Watoto wakae wahesabu.

Tuseme na yale yanayofanywa majumbani. Kufungua kapsuli na kumimina unga wake kidondani hakutibu vena, na humzoesha mdudu dawa. Spiriti na dawa kali za kuoshea sakafu huua nyama changa inayojaribu kuota. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa yanatosha. Kukianika kidonda juani kikauke ni desturi ya zamani, lakini tangu mwaka 1962, George Winter alipochapisha majaribio yake ya ngozi za nguruwe (mnyama tusiyemla, lakini ngozi yake imefanana na yetu), imejulikana kuwa kidonda kilichofunikwa na kubaki na unyevu wa kiasi hufunga upesi kuliko kilichoachwa kikauke. Ama asali, shifaa iliyomo tunaiamini. Asali inayotumiwa hospitalini husafishwa kwa mionzi kabla ya kuwekwa kidondani. Ya chupa ya sokoni hatujui imechanganywa na nini. Na hata iliyo safi haitakaza kilango cha vena. Hina nyeusi, yaani piko, isiusogelee mguu huo hata siku ya arusi ya mjukuu, wala mafuta yenye manukato, kwa kuwa ngozi ya mguu wa namna hii huwa nyepesi kudhurika.

Kazi ya watu wa nyumbani ni kubwa kuliko ya muuguzi, kwa sababu yeye huja saa moja kwa wiki. Mama mwenye kidonda cha vena alale mara 3 au 4 kwa siku kwa nusu saa, miguu imepandishwa juu ya mito mpaka vifundo vipite kiwango cha moyo. Baina ya hapo atembee. Kukaa juu ya mbuzi akikuna nazi asubuhi nzima, au kusimama mbele ya karai la mahamri tangu alfajiri, ndiko kunakomrudisha nyuma, na ni vigumu kumwambia mama aache jiko alilolishika miaka 40. Mabinti na wakaza wana waingie jikoni bila ya kungoja kuombwa. Ale samaki, mayai, kunde. Vidole vikiwa vya buluu, vikifa ganzi au maumivu yakizidi ndani ya bendeji, ikatwe hapohapo na muuguzi aitwe. Homa, wekundu unaoenea, au weusi, ni hospitali siku hiyohiyo. Na kidonda cha miaka ambacho kingo zake zimeinuka na kuwa ngumu kichunguzwe kama si saratani. Wengi wakitunzwa hivi hupona ndani ya miezi 3 au 4, wengine hungoja zaidi.

Yamebaki ya ibada. Muuguzi mwanamke akipatikana ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana, mwanamume anaruhusika kwa dharura, maharimu awepo, na kifunuliwe kiasi cha haja. Damu na maji ya kidonda hayatengui udhu katika madhehebu yetu ya Shafi, na yaliyochuruzika kutoka kidonda cha mtu mwenyewe yanasamehewa. Mama atawadhe kabla muuguzi hajafunga, ili bendeji ikae juu ya tohara. Wakati wa udhu ataosha viungo vilivyo vizima, atapaka maji juu ya bendeji, na atatayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Ikiwa ilifungwa kwa tohara, na haikuzidi mahitaji ya tiba, hatakiwi kuzirudia sala zake. Na kwa tuonavyo, kufika chini ya goti ndiyo mahitaji yenyewe. Tumesikia kuna wanaoifungua bendeji mara tano kwa siku kwa ajili ya udhu. Hao hawajalazimishwa hivyo, na kidonda chao hakitafunga.

Kidonda kikishafunga, vilango hubaki vilivyolegea, kwa hiyo mama huvaa soksi za kubana mchana, akizivaa asubuhi kabla uvimbe haujaanza. Soksi si bendeji ya kidonda, na hukumu yake katika udhu ina maneno yake. Tutaizungumza wiki ijayo, inshaallah.