Vifaranga Wapewe Nafasi ya Kuchagua Joto



Mimi si Bwana Shamba. Mimi ni karani tu katika ofisi ya kilimo, na zamani nilisomea ualimu. Lakini habari nyingi hupita mezani kwangu, na moja hunisikitisha kila mvua ndefu ikianza: "Vifaranga wangu wamekufa kwa baridi." Maoni yangu ni kwamba si baridi peke yake inayowaua. Mara nyingine tunawaua sisi wenyewe, kwa kuwafungia ndani ya joto moja wasiwe na mahali pa kukimbilia.

Nianze na kosa langu. Nilinunua vifaranga 50 wa siku moja, kwa pesa alizoweka mke wangu katika kuuza maziwa. Huku kwetu Kinangop ni juu, zaidi ya mita 2,400, na usiku ule baridi ilikuwa kali. Nikajaza jiko makaa, nikaziba dirisha na kila ufa kwa magunia. Asubuhi nilikuta 31 wamekufa, midomo wazi, wamelundikana pembeni, mbali kabisa na jiko. Walikuwa wakilikimbia joto, na hewa mbaya ya makaa ikawamaliza.

Baadaye nilisoma habari za watu wa Marekani wanaofuga nyumbani nyoka wale wanaokula panya. Msicheke, wala sisemi mshike nyoka wa hapa kwetu. Nyoka hawezi kujipasha joto mwilini. Kwa hiyo mwenye kumfuga hutengeneza sanduku lenye pande mbili: upande mmoja digrii 28 hadi 30 za Sentigredi, upande wa pili 22 hadi 24. Nyoka akishakula huenda penye joto ili chakula kisagike; akiona joto limezidi hurudi penye ubaridi. Nikajiuliza: nyoka apewe nafasi ya kuchagua, na vifaranga wangu niwanyime?

Kifaranga wa siku za kwanza amefanana na nyoka huyo, maana bado hawezi kulinda joto la mwili wake. Basi tufanye hivi. Tuzungushe kadibodi au mabati kwa duara, bila pembe, ili wasilundikane na kukanyagana. Jiko liwe katikati, limezungushiwa kitu cha kuwazuia wasiungue, na maranda yawe mbali na moto. Karibu na jiko joto liwe digrii 32 hadi 35 juma la kwanza, kisha lipunguzwe kama digrii 3 kila juma mpaka lifike 21. Kando ya duara pawe na ubaridi kidogo, na huko ndiko kuwekwe maji.

Makaa yawashwe nje mpaka yashike vizuri. Lakini tusidanganyike: moshi ukiisha, hewa ya sumu haijaisha. Haionekani wala hainuki, na huua watu pia. Juu ya ukuta lazima paachwe nafasi ya hewa kutoka, na mtu asilale chumba kimoja na jiko hilo.

Wako watakaosema, "Wazee wetu hawakuwa na kipima joto." Ni kweli, lakini walikuwa na kuku mama. Kifaranga akiona baridi aliingia chini ya bawa. Akipata joto la kutosha alitoka. Hakuna aliyemlazimisha. Sisi tulipoacha kuku mama tukachukua jiko, tulisahau sehemu hiyo ya kazi yake.

Asiye na kipima joto awatazame vifaranga wenyewe. Wakijibana karibu na moto na kulia, wanaona baridi. Wakikaa mbali wakihema midomo wazi, joto limezidi. Wakikimbilia upande mmoja, kuna upepo unaopenya. Wakitawanyika kote, wengine wakila na wengine wakilala, mambo ni sawa.

Basi ndugu, kabla ya kulipa pesa ya vifaranga, washa jiko siku moja mbele ujue chumba chako kinavyoshika joto. Na usiku amka ukawatazame. Mimi nililala usingizi mzuri usiku ule, na mke wangu ndiye aliyelipa.